Kipande cha Chuma cha Kilo 6: Kisa cha Klabu ya Gokati Iliyokufa Nakuru

Katika daftari la klabu yetu ya gokati, vigari vidogo vya mbio, ambalo bado liko mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa katibu tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho, kuna ukurasa wenye majina ya madereva 8, nambari za injini walizopata kwa kura, uzito wao kabla ya mbio, na safu ya nne isiyo na neno hata moja. Safu hiyo ilikuwa ya matokeo. Mbio zilikimbiwa hadi mzunguko wa mwisho na bendera ikapungwa mbele ya watu, lakini mshindi hakutangazwa jioni ile wala siku nyingine yoyote, na miezi michache baadaye klabu ilikuwa imekufa.

Waliotufahamu hapa Nakuru hutaja sababu tatu za kifo hicho: pesa ziliisha, uwanja ulichukuliwa, na viongozi waligombana. Mambo hayo yote yalitukia, sikatai. Hata hivyo nimeyapanga upya kwa kufuata daftari, ukurasa baada ya ukurasa, na nimeona kwamba kila moja lilikuja baada ya Jumapili ile ya mbio, wala halikuitangulia. Kilichotuvunja ni kwamba tulikuwa tukiwapima madereva uzito kabla ya mbio badala ya baada yake, tena kwa mizani ya mtu ambaye mwanawe alikuwa mshindani. Sitaitaja klabu kwa jina wala kumtaja mtu yeyote, kwa kuwa wote waliohusika wanaishi na kufanya kazi katika mji huu, na katika wote hao simwoni hata mmoja wa kubebeshwa lawama peke yake.

Gokati ni kigari cha mbio kisicho na springi wala mwili, fremu ya mabomba tu yenye magurudumu manne, kiti kilichoinama karibu kuigusa ardhi, na injini ndogo ubavuni. Mwaka 1956 Art Ingels, fundi wa magari ya mbio huko California, aliunda cha kwanza kwa mabomba na injini iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi, kisha akakijaribu katika maegesho ya uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena. Kufikia mwaka 1962 mchezo ulikuwa umeenea kiasi cha kuundiwa tume yake ya kimataifa chini ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari. Ayrton Senna, Michael Schumacher na Lewis Hamilton, mabingwa wa Formula One, wote walianzia humo. Habari ya Schumacher ndiyo iliyotugusa zaidi sisi, kwa maana baba yake alikuwa mwashi, na gokati ya kwanza ya mtoto huyo ilikuwa kigari cha kuchezea ambacho mzee alikitia injini ndogo kwa mikono yake mwenyewe. Mwenyekiti wetu, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari, alikuwa akiirudia habari hiyo kila mzazi mgeni alipokuja kuuliza mchezo huu ni wa watu wa aina gani.

Nakuru haikuhitaji kufundishwa kupenda magari ya mbio. Tuna mtaa mzima unaoitwa Langalanga, na neno hilohilo ndilo magazeti yetu ya Kiswahili hulitumia kwa mbio za Formula One. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, iliondoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na iliporejea mwaka 2021 ilifanya makao yake Naivasha, ndani ya kaunti yetu, huku magari yakipita Soysambu na Elmenteita. Vijana walisafiri alfajiri kwenda kusimama kwenye vumbi, wakarudi jioni wakiwa na swali moja: mtu wa kawaida huanzia wapi? Gari la rali ni mali ya matajiri. Pikipiki za mashindano nazo hazishikiki. Lakini injini ya pampu ya maji iko katika kila duka la zana za kilimo mjini, na wakulima wa Bahati na Subukia huinunua kumwagilia vitunguu na nyanya. Ina ujazo wa sentimita 196 za ujazo, kibandiko chake husema nguvu za farasi 6.5, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kuifungua na kuifunga akiwa na spana nne. Klabu yetu ilizaliwa juu ya injini hiyo.

Ningependa kukaa kidogo kwenye suala la injini, kwa sababu ndiko tulikofanya kazi nzuri, na kisa hiki hakieleweki bila kuona jinsi watu walewale walivyoweza kuwa makini upande mmoja na kuzembea upande mwingine. Mji wetu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida inayovuta hewa yenyewe hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hivyo farasi wale 6.5 huku kwetu hubaki 5 na ushei. Zaidi ya hapo, kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani humimina petroli nyingi kuliko hewa yetu nyepesi inavyoweza kuunguza; plagi hufunikwa na masizi meusi na gari hukohoa likitoka konani. Fundi wetu wa pampu alikuwa akikiziba kwa risasi ya kulehemu kile kitundu kinachopitisha petroli, kisha akakitoboa upya kwa kijiti cha chuma chembamba kama sindano, akajaribu, akaziba, akatoboa tena. Ilimchukua wiki mbili kupata kipimo kinachofaa. Siku hiyo angeweza kukificha kipimo chake na kumfanya dereva wake kuwa bingwa wa msimu mzima. Badala yake alitengeneza vitundu 8 vya kipimo kimoja, akavileta kikaoni vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, na vikawa mali ya klabu.

Tangu hapo injini zote zilikuwa za klabu, zikapewa nambari, na asubuhi ya kila shindano dereva alitia mkono kwenye mfuko wa unga akachomoa kibao chenye nambari ya injini atakayoendesha. Kidhibiti mwendo, kinachoizuia injini ya aina hii isizidi mizunguko kama 3,600 kwa dakika, kilifungwa kwa waya na kutiwa lakiri mbele ya wote, kwa kuwa tulijua kwamba kikiondolewa injini hukimbia kupita kiasi ambacho kono la pistoni na gurudumu zito la kichwani viliundwa kukihimili, na chuma kinachopasuka kwa kasi hiyo kiko sentimita chache tu kutoka mbavu za dereva. Kwa misimu miwili hatukusikia lalamiko hata moja kuhusu injini. Anayelalamika angemlalamikia nani, ilhali mkono uliochomoa kibao ni wake?

Uzito ulikuwa na hadithi nyingine. Katika gari la farasi 5, kilo 10 za ziada ni mzigo unaoonekana kwa macho kila dereva anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo katika mashindano ya gokati kwa kawaida huwekwa uzito wa chini kabisa, gari na dereva wakipimwa pamoja, na aliye mwepesi huongezewa vyuma. Sisi tuliweka kilo 150. Mahali pa kufungia vyuma hivyo pia si jambo la kupuuza, kwa maana ekseli ya nyuma ya gokati ni moja isiyo na difu, ile gia inayoruhusu magurudumu ya pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa, na ili gari likate kona ni lazima gurudumu la nyuma la upande wa ndani linyanyuke kidogo kutoka ardhini. Ukiweka uzito pasipofaa, gurudumu halinyanyuki na gari husukumwa mbele kama mkokoteni. Ndiyo maana vyuma vyetu vilifungwa chini ya kiti.

Mizani tuliazima kwa mfanyabiashara wa nafaka, mwanachama mwenzetu, mtu mkarimu ambaye pikapu yake ndiyo iliyokuwa ikitubebea marobota ya nyasi ya kuzungushia kona. Ilikuwa mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ya mahindi. Gokati haikuenea juu yake, kwa hivyo tulilaza mbao mbili ndefu juu ya jukwaa, tukazipima kwanza peke yake, kisha watu wanne wakalinyanyua gari wakaliweka juu ya mbao, dereva akaketi ndani akiwa amevaa helmeti na kushika usukani, na watu wote wakarudi nyuma hatua mbili ili asiwepo anayegusa. Mfanyabiashara mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusogeza ule uzito mdogo kwenye mkono wa mizani kwa ncha ya kidole, taratibu, hadi mkono ulipotulia katikati. Akataja tarakimu kwa sauti. Nikatoa kilo 11 za mbao, nikaandika, nikatia sahihi. Mbao zilipolowa mvua tulizipima upya. Hata hilo tulilikumbuka. Tulichokisahau ni kujiuliza kwa nini kazi hii tunaifanya asubuhi.

Jibu ni kwamba mizani ilihitajika dukani alasiri, wakati wateja wanaotoka sokoni wanapokuwa wengi. Kanuni yetu ya kupima kabla ya mbio haikutokana na fikra yoyote kuhusu mchezo. Ilitokana na ratiba ya duka la nafaka. Hakuna aliyeipigia kura. Ilianza kama kawaida ya siku moja, ikawa mazoea, na mazoea yakaandikwa kwenye kanuni zetu kama kwamba ndivyo inavyopasa.

Jumapili ile tulichelewa. Upepo ulikuwa umelijaza vumbi eneo la lami tulilopewa, ua wa ghala moja kuukuu upande wa viwandani, na ilitubidi tulifagie mara mbili ndipo matairi yapate kushika. Mwana wa mfanyabiashara, kijana wa miaka 16 mwenye kilo 47, alipimwa akiwa na vyuma vitatu vya kilo 6 kila kimoja. Tarakimu ilitimia kilo 150 barabara, na niliiandika mimi. Alianza wa nne, akamaliza wa kwanza, akimtangulia wa pili kwa urefu wa gari moja hivi. Alipoingia na kuzima injini, fundi wa dereva wa pili alipiga goti karibu na gari kama afanyavyo kila fundi, akachungulia chini ya kiti, akahesabu. Vyuma vilikuwa viwili.

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Fundi alitaka gari lirudishwe mizanini papo hapo. Mizani ilikuwa imeshapakiwa kwenye pikapu, imefungwa kamba, na mfanyabiashara alikuwa amekwisha kumtuma utingo kuwasha gari. Alipoambiwa aishushe, alimgeukia mwenyekiti na kusema maneno ambayo nayakumbuka kwa usahihi: "Mwalimu, miaka yote hii mizani yangu imemdhulumu nani?" Wengi walimsikia kama mtu anayekwepa. Mimi nilikuwa karibu naye, na niliuona uso wake. Mtu anayeishi kwa mizani, ukimwambia apime tena mbele ya umati, umemwambia kwamba ni mwizi. Mwalimu akajaribu kuwatuliza: "Mzee, hakuna aliyekutaja wewe. Tutakaa Jumatano tulizungumze." Pikapu ikaondoka. Na kwa kuwa katika kanuni zetu hapakuwa na mstari hata mmoja unaohusu uzito baada ya mbio, Jumatano tulikaa saa tatu na hatukuwa na kitu cha kukisimamia. Upande mmoja ulisema sahihi ya katibu inatosha. Upande wa pili ulisema chuma hakina miguu. Neno "mwizi" lilitamkwa usiku huo, likatamkwa tena, na kijana alikuwepo.

Siku 11 baada ya mbio, kibarua aliyekuwa akiondoa marobota alikikuta kile kipande ndani ya nyasi kwenye kona ya tatu. Nilikwenda kukichukua mwenyewe. Tundu lake, ambalo lilitobolewa duara, lilikuwa limelika likawa refu kama yai, na ukingo wake uking'aa kwa kusuguliwa. Hiyo ni alama ya chuma kilichotikisika muda mrefu kabla ya kuchomoka. Injini ya pistoni moja hutetemesha fremu nzima, na fremu isiyo na springi hupitisha kila mtikisiko hadi kwenye nati. Kila chuma kilikuwa kimefungwa kwa boliti moja na nati ya kawaida. Kanuni za kimataifa za mchezo huu hutaka uzito wa ziada uwe imara na ufungwe kwa boliti zisizopungua 2, zenye kipenyo kisichopungua milimita 6. Nakala ya kanuni hizo ilikuwa kwenye faili langu tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimeitoboa matundu pembeni, nikaipanga, na sikuisoma.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Wengine husema kwamba kipande kilipopatikana jambo lingepaswa kwisha, kwani kijana alithibitika kuwa hana hatia. Sioni hivyo. Kanuni ya kupima baada ya mbio, kama ifuatwavyo kwenye mashindano yaliyopangika, ambapo gari hutoka uwanjani moja kwa moja hadi mizanini kabla fundi hajaligusa, ingemwondoa kijana yule kwenye matokeo. Angekuwa na kilo 144, pungufu ya asilimia 4, na ushindi ungekwenda kwa wa pili. Ila angeondolewa bila mtu yeyote kuuliza alikusudia nini. Mizani inayopima mwishoni haina haja ya kujua kama chuma kilidondoka au kilitupwa. Inasoma tarakimu, na tarakimu haimtukani mtu. Mizani inayopima mwanzoni peke yake huacha pengo kati ya kupimwa na kumaliza, na pengo hilo haliwezi kuzibwa isipokuwa kwa kukisia nia ya mtu. Sisi tuliwaweka watu walioaminiana katika hali ambayo swali pekee lililobaki la kuulizwa lilikuwa la tabia zao.

Mwalimu hupinga, na hoja yake naiheshimu. Husema kupima jioni kusingewezekana kwa kuwa mizani haikuwa yetu. Ni kweli. Lakini kwa bei za wakati ule mizani kuukuu ya jukwaa haikuzidi bei ya injini moja, na sisi tulikuwa na injini 8 za mashindano pamoja na moja ya akiba ambayo haikuwahi kutiwa petroli. Tulinunua kile kinachokwenda kasi na tukaazima kile kinachoamua. Mantiki ileile iliyotufanya tuseme injini zisiwe za mtu ilitosha kabisa kutufikisha kwenye mizani, na hakuna aliyeipeleka huko, kwa sababu mwenye mizani alikuwa mtu mwema. Wema wake ndio uliotufumba macho, na ndio ulioumizwa kuliko kitu kingine chochote.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Mfanyabiashara hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja, na pikapu yake ikaacha kuja pamoja naye. Bila pikapu hapakuwa na marobota, na bila marobota mwenye ghala, alipopita siku moja akakuta vijana wakifanya mazoezi kando ya ukuta mtupu, alisema ruhusa imekwisha. Hakuwa na kosa. Barua ya ruhusa ilikuwa imeandikwa kwa jina la Mwalimu, wala si la klabu, hivyo hapakuwa na chombo cha kwenda kuzungumza naye. Uwanja ulipokwenda, michango ilikatika mwezi uleule. Ndiyo zile sababu tatu zinazotajwa mjini.

Injini ziliuzwa kwa wakulima, na fundi wetu wa pampu alihakikisha kila mnunuzi anaelezwa kwamba kitundu cha kabureta kimerekebishwa kwa hewa ya huku, wasije wakazipeleka Mombasa zikawasumbua. Fremu tatu ziko nyuma ya karakana yake. Kipande cha chuma ninacho nyumbani, juu ya daftari.

Kijana sasa ndiye anayeshika duka la baba yake alasiri. Nilipokwenda kununua maharagwe aliugeuza mkono wa mizani upande wangu nisome mwenyewe, jambo ambalo baba yake hakuwa na desturi ya kulifanya. Alinisalimia, "Shikamoo, katibu," akauliza kama daftari bado lipo. Nilimwambia lipo, pamoja na chuma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nivilete vyote viwili. Wiki iliyofuata nilikwenda navyo. Baba yake alikuwa ameketi ndani kwenye gunia, akaitika salamu yangu na kusogea karibu. Kijana alikifuta chuma kwa kitambaa, akakiweka katikati ya jukwaa, na mzee mwenyewe akaunyoosha mkono akausogeza ule uzito mdogo kwa ncha ya kidole, taratibu, hadi ulipotulia. Ulisoma kilo 6.